Bango la Baba Quincy

Haya, tuanze na kosa lenyewe, maana watu wa Elburgon wamelitia chumvi mpaka haliliki. Kuna wanaosema yule msichana wa mabango alilipwa. Kuna wanaosema alikuwa amelewa. Uongo mtupu! Jerop hata soda humtia kiungulia. Kosa lake lilikuwa la kazi tu, la mkono uliozoea, na kama lingeishia pale lilipoanzia, leo tungekuwa tunalicheka sote, na mzee Hiram Njuguna angekuwa wa kwanza kucheka.

Jerop alikuwa na kijichumba cha kioo ndani ya jumba la maduka mjini Nakuru, ubavuni mwa msichana auzaye vifuniko vya simu. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wenye biashara ndogo ndogo sura ya kuonekana: logo, kadi, mabango ya kuweka Facebook na kwenye status za WhatsApp. Wenye saluni walikuwa wake, waoka keki walikuwa wake, na Cheruto wa duka la dawa za ng'ombe kule Njoro alikuwa wake pia. Mtu alimletea picha iliyopigwa gizani, ng'ombe hana kichwa, na yeye akaigeuza kitu cha kutamanisha. Alikuwa na jicho, huyo msichana. Lakini jicho halilipi kodi ya nyumba. Kwa hivyo kila wiki alifanya na kazi nyingine, ambayo hakuitangaza popote: vijitabu vya mazishi na mabango ya tanzia. Watu hufa kila wiki, jameni, na kila familia hutaka marehemu wao apendeze. Picha isiyo na rangi, nyuma weupe wa maziwa, jina kwa herufi nyembamba, mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa. Mkono wa Jerop uliijua kazi hiyo hata akiwa anawaza mambo ya chakula cha jioni.

Mzee Hiram alimjia asubuhi moja akiwa na maranda ya mbao kwenye nywele. Alikuwa seremala wa Elburgon, mtu mrefu aliyeanza kupinda, na kule kwao hakuna aliyemwita Hiram. Walimwita Baba Quincy, ingawa huyo Quincy mwenyewe hawakuwa wamemwona kwa miaka.

"Ni wewe unafanya mambo ya Facebook?" akauliza, bado amesimama mlangoni.

"Nafanya matangazo ya biashara, mzee. Karibu ukae."

"Cheruto amesema tangu umtengenezee yake, watu wanamtafuta kutoka mpaka Mau Narok." Akakaa, akaweka kofia kwenye goti. "Sasa niambie kitu moja. Hiyo kitu ukiiweka, inaweza kufika Lodwar?"

Jerop akacheka. "Mzee, nani wa Lodwar atakuja kununua kitanda Elburgon?"

"Sijakuuliza mambo ya vitanda."

Alisema hivyo bila ukali, lakini kicheko cha Jerop kilikatika. Ndipo mzee akamweleza, palepale, huku yule wa vifuniko vya simu ametega masikio waziwazi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Quincy. Kijana alisomea mitambo kule Kisumu, akaitwa kwa mahojiano ya kazi nzuri. Baba yake naye alitaka arudi nyumbani ashike randa, karakana isife. Basi akampigia simu, akamwambia mama yako hajiwezi, kimbia umkute. Quincy akaacha mahojiano, akakimbia. Akamkuta mama yake jikoni akimenya viazi, mzima kama kigongo, hata hakujua kwamba ameshaugua.

"Kazi wakapewa wengine," mzee akasema. "Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa afadhali. Alichukua begi akaenda."

"Pole, mzee."

"Ngoja, bado. Halafu mama yake akaugua kweli. Nikampigia simu mpaka nikachoka. Unajua alinijibu nini? 'Baba, hiyo nilishaisikia.' Nikamzika mke wangu mtoto wake hayuko. Alipokuja kuambiwa na watu wengine ni ukweli, alibadilisha laini, na sijasikia sauti yake tena. Nasikia tu yuko Lodwar, anatengeneza mashine za visima."

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Walisahau kusema kwamba mwongo mwenyewe huishi miaka mingi akiitazama ile njia.

"Sitaki mambo mengi," mzee akaendelea. "Nataka aone uso wangu kwa simu yake. Aone bado niko, bado napiga randa. Labda atapiga simu. Namba yangu uiandike kubwa."

Jerop akaifanya kazi ile kwa moyo. Alikwenda mwenyewe Elburgon, ukungu wa Mau haujapanda, akampiga mzee picha mlangoni mwa karakana, mikono imekunjwa kifuani, macho yanamtazama mtu usoni. Ilikuwa picha nzuri kupita zote alizowahi kupiga. Aliporudi Nakuru alikuta waoka keki wawili wanamsubiri na familia moja ya marehemu inamsukuma kwa simu. Basi akafanya wanavyofanya wote wa kazi hiyo wakibanwa na muda: akafungua kazi ya zamani iliyotoka vizuri, akafuta maneno ya wenyewe, akatia mapya. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa Subukia. Akaondoa msalaba. Akaondoa mshumaa na aya ya Biblia. Akaitoa picha ya mzee rangi, kwa sababu ilionekana ya heshima zaidi hivyo, akaandika jina, Hiram Njuguna, na chini yake miaka ya karakana, 1984 – 2024, kisha namba ya simu kwa tarakimu kubwa. Halafu akamalizia kwa maneno aliyoyafikiria njia nzima: Asante kwa mikono iliyojenga nyumba zetu.

Wewe unayesoma umeshaona. Hata mtoto wa nasari angeona. Lakini Jerop alikuwa ameona mabango ya tanzia mengi mno, na macho yake yalikuwa yameacha kuyaona, kama vile mtu wa kinu asivyosikia tena kelele za kinu.

Akamtumia mzee kwenye simu yake yenye kioo cha nyufa. Mzee akampigia simu.

"Mbona sina rangi?"

"Ndiyo fasheni, mzee. Makampuni makubwa yote yanafanya hivyo."

"Sawa basi. Wewe ndiye umesoma."

Jioni ya Ijumaa Jerop akaliweka bango kwenye ukurasa wake wa Facebook, akalilipia lisambae Bonde la Ufa lote na kwenda juu mpaka Turkana, akafunga kompyuta na kwenda kulala kwa shangazi yake Subukia. Alikuwa amefurahi. Aliamini kweli kwamba amemfanyia mzee yule jambo.

Jumamosi aliamshwa na simu ya Cheruto. "Jerop, si ungeniambia mzee amefariki? Tena nilimwona juzi tu! Ngai, ni presha?"

"Mzee gani?"

"Wewe si ndiye umetangaza?"

Jerop akafungua ukurasa. Chini ya bango kulikuwa na komenti zaidi ya mia, na nyingine zilikuwa zinaingia. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mzee kama yule angezaliwaje 1984. Pumzika fundi wetu. Baba Quincy, kitanda chako ndicho nilicholalia usiku wa harusi yangu, nenda salama. Mzee hakunidai hata siku moja nilipokwama. Akaangalia lile bango tena, kana kwamba limetengenezwa na mtu mwingine, na sasa akaliona. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Akavaa viatu bila soksi, akaenda Elburgon.

Alipofika, uani kwa mzee palikuwa na watu kama soko. Akina mama walikuwa wameleta kuni na sufuria za matanga. Vijana walikuwa wamefunga nusu ya turubai, wakaachia hapo baada ya marehemu mwenyewe kutoka chooni akiwa na gazeti kwapani. Ndegwa, mwenye kinu cha unga jirani, alikuwa anamsimulia kila anayeingia jinsi mama mmoja alivyoanguka chini kwa woga. Na Baba Quincy alikuwa ameketi kwenye benchi, kikombe mkononi, anacheka mpaka machozi.

"Huyu hapa!" akasema alipomwona Jerop. "Aliyeniua ni huyu! Kuja, msichana wangu, kuja unywe chai ya matanga yangu. Ina sukari kushinda ya nyumbani."

Jerop akapiga magoti kwenye tope. Hakujali nguo. "Mzee, nisamehe. Nalitoa sasa hivi."

"Ngoja kwanza. Nisomee wanavyosema."

Wakaingia karakana, wawili peke yao, na Jerop akamsomea. Mzee akasikiliza amefumba macho, mkono juu ya randa. Mara nyingine alitikisa kichwa. "Kumbe huyo pia alinipenda," akasema. "Na hajawahi kunisalimia vizuri." Ilikuwa furaha ya ajabu, na Jerop akaanza kupumua, akaona kwamba labda kosa lake litasameheka.

Halafu akanyamaza katikati ya kusoma.

"Soma," mzee akasema.

"Mzee..."

"Nimesema soma."

Jerop akasoma. "'Baba, nisamehe. Mama sikumzika. Wewe nitakuzika kwa mikono yangu. Ndugu zangu wa Elburgon, naomba msimzike kabla sijafika. Niko Lodwar, natafuta gari sasa hivi.' Jina ni Quincy Njuguna."

Mzee alikaa chini kwenye maranda, polepole, mgongo ukiteleza kwenye mguu wa meza. Jerop alikuwa ameshaanza kuandika jibu: Quincy, baba yako yuko hai, ni kosa la bango. Ndipo kiganja kikubwa chenye magaga kikaja kikafunika simu yote.

"Usijibu," mzee akasema.

"Lakini mzee, anakuja akilia!"

"Anakuja. Umesikia? Anakuja. Akijua niko hai, atarudi kitandani alale. Muache aje. Akishafika, akiniona kwa macho, hawezi kunichukia. Damu haiwezi."

"Si vizuri, mzee. Ulinieleza mwenyewe mambo ya mama yake."

"Ile nilisema uongo. Leo sijasema kitu. Kosa ni lako, si ndiyo? Mimi nimenyamaza tu." Akamtazama, na Jerop akaona kwamba yule mzee anayecheka ameondoka kabisa. "Nakuomba. Sijawahi kumwomba mtu mdogo. Nakuomba."

Sasa mtu anaweza kusema, mimi ningekataa. Sema. Ni rahisi ukiwa umekaa kwako. Jerop alikuwa amemuua mtu huyu mbele ya kaunti nzima, na sasa alikuwa anaombwa amfufulie mwanawe, na bei yenyewe ilikuwa kunyamaza tu. Alitaka kosa lake ligeuke baraka. Alitaka sana. Akaitia simu mfukoni.

Lakini kunyamaza hakukutosha. Watu waliokuwa wamekunywa chai pale uani walikuwa na simu zao. Komenti zikaanza kuingia: Mzee yuko hai, nimemwona. Acheni uongo, Baba Quincy anakula chapati hapa. Mwenye ukurasa ana uwezo wa kuzificha, moja moja, na anayezisoma hatajua kama ziliwahi kuwepo. Mzee alisimama nyuma yake. Jerop akaificha ya kwanza, mkono mzito. Akaificha ya pili. Baadaye hakuzihesabu. Mzee naye, ambaye simu yake ilikuwa inalia tangu asubuhi, aliizima akaisukumia ndani ya mfuko wa misumari.

"Na kesho uje," akamwambia alipokuwa anaondoka. "Umweleze ni kosa lako. Mimi hataniamini."

Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika tena, safari hii kwa sherehe. Baba Quincy alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amefagia karakana mpaka sakafu ikaonekana. Akina mama walipika chapati na kuku, na kila mara alikwenda langoni akarudi. Jerop alikaa kwenye kiti cha mwisho, hana hamu ya kula, akitamani gari la Quincy liharibike njiani na papo hapo akijiombea toba kwa kutamani hivyo.

Alifika alasiri. Kijana mrefu, amechomwa na jua la Turkana, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi la huko na tope la huku. Hakumtazama mtu yeyote barabarani, kwa hivyo hakuna aliyepata kumwambia. Juu ya mkono wake wa kulia alikuwa amelaza suti, ndani ya mfuko wa nailoni, na alikuwa ameuinua mkono huo hivi, suti isiguse ua wala tope. Nguo ya kumvika marehemu hununuliwa na watoto. Alikuwa ameshuka Kitale akaingia dukani na macho yake mekundu, akamchagulia baba yake suti ya kuzikwa nayo.

Akapita langoni. Baba yake akainuka kutoka kwenye benchi.

Nani atasimulia vizuri jambo lile? Quincy alisimama. Alifungua mdomo na hakutoa sauti. Halafu alitoa sauti, na haikuwa neno, na akina mama wakaanza kulia kabla hawajajua kwa nini. Akamfikia baba yake, akamshika uso, akamshika mabega, akamshika mikono, akimpapasa kama kipofu, huku suti imebanwa katikati yao. "Baba. Baba. Baba." Mzee naye alikuwa analia bila kujificha. "Niko," alikuwa anasema. "Niko, mwanangu. Niko."

Jerop akaenda mbele akaeleza. Alieleza kuhusu mwalimu wa Subukia, kuhusu picha isiyo na rangi, kuhusu miaka ya karakana. Alipomaliza, Quincy, amini usiamini, akacheka. Alicheka akijipangusa makamasi. "Dada, wewe ni hatari! Umeniliza kutoka Lodwar! Dereva amesimamisha gari Kainuk aniulize kama naumwa."

Watu wote wakacheka. Mzee akamwekea mtoto wake chakula mwenyewe, paja la kuku, akamkatia chapati vipande vipande kama anavyokatiwa mtoto. Quincy akala. Suti alikuwa ameitundika kwenye msumari wa karakana. Jerop aliwatazama, baba na mwana, magoti yao yakigusana kwenye benchi moja, na akajiambia: basi, yamekwisha, Mungu ameona.

Ndegwa wa kinu, mtu mwema asiye na hila hata chembe, alikuwa anajaza kikombe cha pili. "Lakini hii Facebook nayo," akasema. "Mimi jana asubuhi niliandika pale kwamba mzee yuko hai, nimekaa naye. Nikaandika mara mbili. Inaingia, halafu inapotea. Mke wangu pia yake ilipotea. Sijui ni network?"

Quincy aliacha kutafuna.

Alikuwa mtu wa mitambo. Anajua kitu hakipotei chenyewe. Akaweka sahani chini, akageuka, hakumtazama baba yake, akamtazama Jerop.

"Komenti inapoteaje, dada?"

Jerop akaifunika simu yake kwa kiganja.

"Uliona niliyoandika mimi?"

"Niliiona."

"Lini?"

"Jana. Asubuhi."

"Jana asubuhi nilikuwa bado Lodwar," Quincy akasema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nimekaa kwenye mkoba wangu, gari halijajaa. Ungeniandikia neno moja."

"Usimlaumu msichana," mzee akasema. "Ni mimi nilimkataza. Niliogopa ukijua niko hai hutakuja."

Mama mmoja alimvuta mtoto aliyekuwa anacheza karibu nao. Quincy alikaa vilevile, mikono juu ya magoti, na uso wake ukaanza kubadilika taratibu, jinsi moto unavyozimika mtu asipouchochea.

"Ningekuja," akasema.

"Mwanangu..."

"Sikiliza, baba. Ningekuja. Kabla sijaandika yale maneno nilikuwa nimeshakusamehe. Nilikaa nikaona hasira yangu yote ni bure, nimemkosa mama, sasa nimekukosa na wewe. Ungeniambia uko hai, ningekimbia zaidi. Ningekuja nikiimba." Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Badala yake uliniacha nikuzike. Njia nzima nimekuzika. Nimechagua jeneza. Nimechagua wimbo. Nimeingia dukani nikamwambia mtu nataka suti ya baba yangu, amekufa. Na wewe hapa unajua. Unanyoa ndevu."

"Nilikuwa nakutaka tu nyumbani."

"Hata siku ile ya mama ulinitaka tu nyumbani."

Akasimama. Mzee akamshika mkono wa shati, na Quincy akautoa mkono wa baba yake kidole kwa kidole, bila nguvu, kwa adabu hata. Adabu hiyo ndiyo iliyomuua Jerop. Mtu angepiga meza, angevunja kikombe, tungejua kuna moto bado. Akachukua begi. Ndegwa akajaribu kumzuia langoni, mambo ya mzazi ni mzazi, Quincy akamshukuru kwa chai akapita. Suti hakuichukua. Sidhani aliisahau.

Baada ya hapo Jerop aliliondoa bango, akaandika maelezo marefu ya kuomba radhi, akafunguka kwamba alificha maneno ya watu. Wateja wengine walimhama. Hilo halikumsumbua kama alivyodhani lingemsumbua. Alimwandikia Quincy ujumbe, akasema yote ni makosa yake, akasema mzee ni mtu aliyeogopa tu. Akaona kwamba umesomwa. Jibu halikuja, wala jingine alilomwandikia halikujibiwa, na mwishowe akaona haya kuendelea kubisha kwenye mlango wa mtu.

Akawa anakwenda Elburgon Jumapili. Hakuna aliyemtuma. Alimpelekea mzee mkate na majani ya chai, wakakaa wasiongee sana. Watu waliendelea kumwita Baba Quincy, wangemwita nani tena, na kila wakiita aliinua kichwa upesi, halafu akakishusha.

Jumapili moja ya mvua alimkuta karakana, amesimama mbele ya kabati lenye kioo ambalo mteja hakuja kulichukua. Alikuwa amevaa suti. Ilikuwa suti nzuri, ya kijivu iliyoiva, kitambaa kizito, si ya bei ya kubahatisha. Lakini ilimpwaya. Mabega ya koti yalimwangukia mikononi, mikono ikameza vidole, na suruali alikuwa ameishika kiunoni kwa ngumi isishuke. Jerop akakimbilia la kazi.

"Mzee, nipe niipeleke kwa fundi wa nguo Nakuru. Atapunguza mabega na kiuno kidogo tu. Itakukaa sawa."

Mzee alijitazama kwenye kioo, upande huu, upande ule.

"Hapana, msichana wangu," akasema. "Ingenikaa sawa, hii. Mwaka ule anaondoka nilikuwa hivi hivi. Bega hili, kiuno hiki, mkono urefu huu. Hakuwa na kipimo changu, hakuwa na mtu wa kuuliza. Alikumbuka tu." Akalivuta koti likafunika kifua. "Ni mimi nimeisha."

Halafu akaketi kwenye benchi, akaanza kukunja mikono ya koti, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka vidole vikatokea akaweza kushika kikombe.